Vinyama Vitatu na Jina la Kaka Yangu

Bwana apewe sifa, hata na mtu ambaye miguu yake haijui kutulia.

Ndugu zangu, nilitoka hapa Songea kwa hasira. Nilirudi kutoka kazini Mtwara nikakuta kaka yangu Osmundi ameshamzika baba bila mimi. Sikunywa hata maji. Nikaenda Lindi, nikaenda Tanga, nikapanda boti hadi Wete, mwisho nikatua Mtambile, kisiwani Pemba. Nilichonga milango kule miaka tisa, na kila mwaka nilisema huu ndio wa mwisho.

Kisha ubavu wa kulia ukaanza kuuma kila nikila vya kukaanga. Hospitali wakanipima kwa utrasaundi, wakaona vinyama vitatu vimeota ndani ya mfuko wa nyongo.

"Ni vidogo," daktari akasema. "Rudi baada ya miezi sita tuone kama vimekua."

Miezi sita! Niliwaza saratani nikitembea, nikaiwaza nikipiga randa.

Mwenye nyumba wangu, Bi Asha, akanipeleka kwa tabibu Mchina. Alinishika mshipa wa mkono, akatazama ulimi. Akasema katika tiba ya kwao ini na nyongo hufanya kazi pamoja. Hasira ya muda mrefu huzuia nguvu ya mwili isitembee, mafuta na kula ovyo huleta unyevu na joto, na kilichokwama huganda kikawa kinyama. Akauliza, "Una hasira na nani?"

"Sina."

Bi Asha akacheka. "Mwongo huyu, daktari. Kila nikimpakulia wali humsema kakake mpaka wali unapoa."

Ndugu zangu, niliona aibu. Sijui kama hasira huotesha nyama. Hospitali hawakuniambia hivyo. Lakini ilikuwa imeninyima raha miaka mingi kabla ya ugonjwa. Nikarudi chumbani, nikapiga magoti, kisha nikampigia Osmundi.

"Tulikungoja siku tatu, mdogo wangu," akasema. "Simu yako ilikuwa imezimwa."

Ni kweli. Niliizima mwenyewe, ili nyumbani wasinisumbue.

Nikamwomba msamaha, tukalia wote wawili. Siku ile Bwana alinitua mzigo. Vinyama bado ni vitatu, havijakua, nami naendelea kupimwa bila hofu ile. Nawe mwenye jina unalolitaja kwa uchungu, mtegemee Bwana, umpigie mwenyewe leo.

Siku niliyoondoka Pemba moja kwa moja kurudi hapa nyumbani, Bi Asha alinisindikiza hadi bandari ya Mkoani, akanipa muhogo wa kuchemsha.

"Njiani usile vya mafuta, mwanangu," akasema. "Na simu usizime."