Mguu wa Kushoto wa Fundi Taratibu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Julai 1974, miezi miwili kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba baba aliogopa kumshika, akalazwa katika chumba cha watoto njiti na kuwekewa dripu kwenye mguu wa kushoto. Muuguzi mmoja, alipoona mguu umepoa, aliuvika soksi kwa huruma, na ndani ya soksi ile sindano ikachomoka kwenye mshipa, dawa ikavujia chini ya ngozi bila mtu kuona. Kaka alipona, ila alibaki na kovu na vidole vilivyojikunja, na tangu hapo viatu vyake vilikuwa vya saizi mbili.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988, akajifunza kushona viatu, akafungua kibanda chake mwaka 1995, na tarehe 12 Desemba 1998 akafunga ndoa na shemeji yetu, wakajaliwa binti mmoja. Aliyemuuliza mbona anachechemea alijibiwa kwamba mguu mmoja una haraka kuliko mwenzake.

Hakumlaumu muuguzi yule hata siku moja, lakini kila walipoajiriwa wauguzi wapya alikwenda wodini, akavua kiatu, akawaambia: "Wanangu, mfunikeni mtoto apate joto, ila hapa penye sindano pawe wazi, mpatazame, mpaguse."

Machi 2021 binti yake naye alijifungua njiti. Shemeji alileta soksi, muuguzi wa zamu, aliyewahi kuuona mguu wa kaka, akazikataa kwa adabu, na mchana huohuo akaona kiuvimbe kidogo penye sindano, akaichomoa mapema. Kaka alilia pale mlangoni mpaka tukadhani tumefiwa.

Aliugua moyo kuanzia Oktoba 2024, akatutoka tarehe 6 Mei 2025, akiacha mke, binti na mjukuu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wa chumba cha njiti waliokuja wakiwa na sare zao, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliofunga vibanda leo. Kazi yake ya mwisho ni viatu alivyovaa mjukuu wake hapa mbele, cha kushoto na cha kulia, saizi moja.

Kaka Taratibu, hakuna anayekuharakisha tena. Pumzika kwa amani.