Papa Donatien, Leo Usiwashe Taa

Ijumaa tarehe 29 Juni 2018, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Papa Donatien Kabeya, fundi umeme wa Jumba la Lufira hapa Anderlecht, anastaafu. Mzaliwa wa Likasi huyu aliingia kwetu mwaka 1989 na bisibisi yake mwenyewe mfukoni, kwa sababu hakuziamini za ofisi. Mpaka leo haziamini.

Februari 2003 ukumbi wetu ulikodiwa na watu wa programu huria, wale wanaotengeneza programu za kompyuta ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa. Walikuja zaidi ya mia mbili wamekumbatia makompyuta, na kwa baridi ile wote wakajazana upande wenye joto, wakachomeka kila kitu kwenye ukuta mmoja. Fyuzi ziliungua mara tatu kabla ya saa sita mchana. Mimi pale mapokezi nikajisemea, mkutano umekufa.

Papa Donatien hakugomba. Nyuma ya kalenda alichora ramani ya njia zote za umeme ukumbini, akaibandika ukutani ili kila mtu ajue achomeke wapi. Mgeni mmoja, Hannes, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu! Papa alinuna hadi chakula cha mchana. Kisha akapima, akakuta Hannes yuko sahihi, akaichora upya na kuandika jina la Hannes pembeni. Lake hakuliandika.

Fyuzi hazikuungua tena, ingawa wageni wale walirudi kila Februari. Ramani waliinakili, wakaenda nayo kwenye kumbi za miji mingine. Nilistaajabu, na bado nastaajabu: karatasi ya kalenda!

Mwaka 2015 tulionyesha filamu ya historia ya harakati yao. Ramani ya Papa inaonekana ukutani, nyuma ya wasemaji, karibu nusu ya filamu. Desturi yake tunaijua: majina ya waliohusika yakianza kupanda, anawasha taa, nasi tunatafuta makoti. Siku ile hakuwasha. Alisimama kando ya swichi hadi jina la mwisho. La Hannes lilikuwepo, lake halikuwepo. Iliniuma sana. Yeye akasema tu, “Bon, Maman Graciella, mle kwenye filamu taa iliwaka, donc kazi yangu ilionekana.”

Kumbe filamu yenyewe nayo ni huria. Mwezi uliopita Sofie wa maktaba alisoma ruhusa yake: yeyote anaweza kuirekebisha. Akaliweka jina la Papa, akawapelekea watengenezaji. Walijibu siku hiyohiyo wakiomba radhi, na sasa kila nakala inayotoka kwao, iende nchi yoyote, inalo.

Papa, asante kwa mwanga wa miaka yote hii. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na nyumba ambayo soketi zake hazikusumbui. Leo tunaionyesha tena filamu ile, inaanza saa kumi jioni. Swichi ataishika Mathieu, anayepokea kazi yako. Wewe kaa mstari wa mbele, na usiinuke mpaka ulisome jina lako.