Mama Kigoda Anatuachia Fomu Zetu

Sauti iliyonikaa akilini tangu siku yangu ya kwanza katika kitengo cha ushauri wa watoto ni ya kigoda kikikokotwa sakafuni. Mshauri wetu mkuu alikuwa akikiacha kiti chake kikubwa na kukaa kwenye kigoda hicho, akatazamana na mtoto macho kwa macho. Ndiyo maana tunamwita Mama Kigoda. Tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Mimi nilifika na shahada mbili na kalamu za rangi nne. Alinipokea kwa heshima zote, akauliza ile ya kijani inaandika nini.

Mwaka juzi tuliletewa binti wa miaka saba aliyekuwa akiwang'ata wenzake. Shule ilikuwa karibu kumfukuza. Nilimpima siku tatu, nikajaza kurasa kumi na moja, nikampa tatizo lenye jina refu kuliko yeye, na kupendekeza ahamishwe. Wazazi niliwatengea mstari mmoja: wanaishi pamoja, hawagombani.

Mama Kigoda aliisoma yote. "Mwanangu, umeandika vizuri. Sasa twende tukamwone mtoto."

Tulikwenda kwao. Kweli hawakugombana, walikuwa na miezi mitano hawasemeshani.

"Mwambie baba yako chakula tayari," mama alimwambia binti.

"Mwambie nimeshiba," baba akajibu, naye yuko hatua tatu tu.

Mtoto akageuka kwa mama: "Baba anasema asante, atakula baadaye."

Siku nzima alikuwa akimeza maneno ya watu wazima. Shuleni meno yalifanya kazi iliyobaki.

Mama Kigoda alimpakata. "Tarishi yuko likizo. Haya, semeni wenyewe."

Vikao vilichukua wiki nane. Binti aliacha kung'ata, na bado yuko shule ileile. Fomu yangu naitunza. Kila ninapojiona msomi, naisoma.

Washauri kumi na tisa wamepita mikononi mwake, nami nikiwa mgumu kuliko wote. Asante, mama, kwa kunicheka bila kunidharau. Tunakuombea afya tele, na asubuhi zisizo na simu za walimu wakuu.

Ama mimi, mtaalamu wa familia za wenzangu, kwa miaka miwili nimemsalimia baba yangu kupitia mdogo wangu wa darasa la nne. Jumapili mdogo wangu alipopokea simu, nilimwomba ampe baba, yeye aende zake akacheze.