Mhandisi Kuruthumu Uledi na Mstari Mwekundu wa Kariakoo

Mhandisi Kuruthumu Uledi anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Idara ya Kinga ya Hasara ya kampuni yetu ya bima kwa miaka thelathini na moja. Aliingia akiwa mkaguzi, anatoka akiwa mkuu wa idara. Katika muda huo ofisi imehama mara mbili, zote ndani ya eneo la Posta, katikati ya Dar es Salaam. Yeye hajahama Kariakoo alikozaliwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua mitungi ya kuzimia moto viwandani. Mwenyewe husema aliona mingi iliyojaa vumbi kuliko iliyojaa dawa. Baadaye alirudi masomoni, na mwaka 2006 akatuletea jambo ambalo hapa ofisini lilikuwa geni: kukokotoa kwa kompyuta namna hewa, moshi na gesi vinavyotembea ndani ya jengo. Chumba hugawanywa kwenye kompyuta kuwa vijichumba vingi mno, kisha mashine inahesabu kinachotoka katika kimoja na kuingia cha jirani, hadi ijulikane moshi utafika wapi kabla moto wenyewe haujawaka. Tuliyaita mahesabu ya moshi, na jina likabaki.

Kompyuta ya wakati huo ilihitaji siku kadhaa kumaliza chumba kimoja. Steven wa uhasibu aliwahi kuchomoa waya wake ili achemshe maji ya chai, na kazi ya wiki nzima ikapotea. Da Kuru, kama wengi wetu tunavyomwita, hakugomba. Alibandika karatasi: USIZIME, MOSHI UNAPITA. Kwa muda mrefu baada ya hapo wageni wa ofisi walikuwa wakinusanusa hewa na kuulizia mlango wa dharura.

Faida ilionekana kwanza katika kiwanda kimoja cha rangi. Feni za kutolea hewa zilikuwa karibu na dari, na mvuke wa thina, ile dawa ya kulainishia rangi, ni mzito kuliko hewa. Mahesabu yakaonyesha unakotambaa: sakafuni, moja kwa moja hadi kwenye mota ya mashine ya kuchanganyia, inayoweza kutoa cheche. Feni zikashushwa.

Kazi inayokumbukwa zaidi, hata hivyo, ni ya mwaka 2017. Bwana Ghanshyam, mfanyabiashara wa Upanga, alikuwa na ghorofa Kariakoo lenye fremu za biashara, yaani vyumba vya maduka, chini ya ardhi, na alitaka bima kabla ya msimu wa Idi. Huko chini palikuwa na ngazi moja ya kutokea na tundu moja kubwa la hewa, lenye feni. Da Kuru aliingiza michoro ya jengo kwenye kompyuta. Jibu likaja zuri: moto ukizuka, moshi utavutwa na tundu, na watu watapanda ngazi wakiona mbele. Alimpigia simu Bwana Ghanshyam kumweleza. Ilibaki saini.

Kesho yake alipita huko kununua udi kwa Bi Mwanamkuu, mwenye fremu ya manukato. Chetezo kilikuwa kinafuka. Moshi wa udi si moshi wa moto, lakini unaonyesha hewa inakoelekea, na ule ulikuwa ukitambaa darini kuelekea kwenye ngazi. Feni ilizunguka, tundu lilikuwepo, ila mbele yake palipangwa makatoni ya Bi Mwanamkuu na marobota ya jirani zake hadi juu. Kwenye michoro hapakuwa na hata katoni moja.

Hakusaini. Alirudi na futi, akapima mizigo fremu kwa fremu, akarudia mahesabu. Safari hii moshi ulijaza ngazi kabla watu wa mwisho hawajaifikia. Bwana Ghanshyam alikuja ofisini amekasirika, akitaka kujua imekuwaje kompyuta iliyosema ndiyo juzi iseme hapana leo. Jibu la Da Kuru bado linanukuliwa idarani: "Kompyuta haijabadilika. Juzi niliipa jengo tupu, leo nimeipa Kariakoo."

Njia ya mkato ilikuwa kuvunja fremu iliyo karibu na tundu, yaani ya Bi Mwanamkuu, mjane aliyesomesha watoto wake kwa fremu hiyo hiyo. Bwana Ghanshyam alikubali upesi. Bi Mwanamkuu alipoambiwa hakulia wala hakubishana. Aliuliza tu: "Mwanangu, kwa hiyo moshi wangu mwenyewe ndio ulionishtaki?"

Da Kuru aliomba wiki moja. Alijaribu kwenye kompyuta mizigo ya kila kimo, hadi akapata kwamba nafasi ikiachwa wazi chini ya dari nzima, na feni ikibadilishwa iwekwe yenye nguvu zaidi, moshi unapita juu ya mizigo na kulifikia tundu. Fremu zote zikabaki. Mstari mwekundu ukachorwa ukutani kuzunguka sehemu yote ya chini, na mzigo hauruhusiwi kuuvuka; ndipo Da Kuru akasaini. Wafanyabiashara walinung'unika, maana Kariakoo nafasi ya juu ndiyo stoo. Bi Mwanamkuu akajiteua kuwa msimamizi. Anayevuka mstari husemwa mpaka ashushe mwenyewe.

Miaka minne baadaye chaja ya betri iliwasha moto katika fremu ya simu. Moshi ulitoka nje kupitia tundu, linalofungukia barabarani, na wapita njia walidhani moto uko barabarani. Watu wote wa chini walipanda ngazi kwa miguu yao. Maji ya kuzimia moto yaliharibu bidhaa nyingi, zikiwemo za Bi Mwanamkuu, ambaye aliyalalamikia maji kwa wiki nzima na hakuutaja moshi.

Da Kuru hakudai sifa. Katika ripoti aliandika kwamba mizigo ilikuwa chini ya mstari na ngazi ilikuwa wazi. Tangu hapo idara haikokotoi jengo lolote kabla mizigo yake haijapimwa, na Mhandisi Neha, anayeshika nafasi yake, ameshanunua futi yake.

Hafla ya kumuaga itafanyika katika ukumbi wa ofisi. Bi Mwanamkuu amealikwa na amesema atakuja na chetezo. Utawala ulipendekeza kengele ya moshi izimwe kwa muda. Mstaafu amekataa, kwa hiyo udi utafukizwa barazani.

Mhandisi Kuruthumu, asante kwa kazi. Kapumzike kwa afya njema, na popote utakapokaa, hewa iwe safi na ngazi iwe wazi.