Karata ya Mwisho Haikufunuliwa

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nasimama mimi, binti yake wa kwanza, kuwasomea maisha ya baba yetu, fundi wa kuchomelea mageti, mliyezoea kumwita Cheche.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitinda mimba wa watoto sita, akasoma hadi darasa la saba, akafundishwa kuchomelea na mjomba wake, na mwaka 1979 akafungua karakana nyuma ya soko, mwaka uliofuata akamwoa mama yetu, wakajaliwa watoto wanne.

Familia haifichi kwamba baba alipenda karata, tena si za kupitisha muda, na Agosti 1988, katika chumba cha nyuma cha baa moja, alicheza poka hadi akaiweka mezani karakana pamoja na vyumba viwili tulivyoishi, naye mpinzani wake, dereva wa lori, akaliweka lori lake, ikabaki karata moja tu kufunuliwa. Hapo dereva alimwona baba akitiririkwa na jasho, akasema, "Fundi, mmoja wetu akitoka hapa analia, mwenzake atacheka na nani? Kila mtu achukue chake." Baba, ambaye kwa ubishi hakuwa na mfano, alisema, "Wewe una karata mbovu," dereva akajibu, "Huenda, na wewe je?" wakaangua kicheko, wakapeana mikono, na mgawa karata alipotaka kuifunua ile ya mwisho, wakamzuia kwa pamoja.

Nyumbani, mama alikuwa ameshaambiwa kwamba vyumba vyetu viko mezani na ameshafunga nguo zetu, na aliposikia kwamba wameacha mchezo aliketi sakafuni, akashusha pumzi, akasema, "Haya, fungueni mabegi," nasi tukayavamia. Tangu hapo baba alicheza kwa dau la kuosha vyombo tu, na mara nyingi aliviosha yeye, na dereva akawa baba yetu mdogo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019, baba mdogo akawa mwuguzi wake wa zamu, na asubuhi ya tarehe 14 mwezi huu, baada ya majuma ya kupigania pumzi, baba alimwambia mama, "Leo kifua chepesi," akalala, hakuamka tena. Tunalia, lakini pia tumeshusha mzigo, kwani ameondoka bila maumivu wala kinyongo na mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake mliofunga kazi leo, na wewe baba mdogo.

Baba, umehangaika vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.