Kurasa Kumi na Moja za Bi Nukta

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Juni, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Wasikilizaji wapendwa, saa hiyo mkuu wa maktaba alikifunga chumba cha kusomea kwa kufuli, akasema ni ukarabati, akaondoka na ufunguo. Ndani, kwenye meza ya kushonea, kulibaki kitabu kinene cha falsafa. Bi Nukta na mumewe walibakiza kurasa kumi na moja wakimalize. Kumi na moja tu.

Leo tunamkumbuka Bi Nukta, mshona vitabu wa maktaba ile kwa miaka ishirini na sita. Jina alipewa na mumewe, fundi viatu aliyeishia darasa la nne, kwa sababu jioni wakisoma pamoja, mama huyu kila akifika kwenye nukta alisimama, akamuuliza.

"Umeelewa?"

"Sijaelewa."

"Haya, turudi."

Sentensi moja iliweza kumaliza birika zima la chai. Mwanzoni fundi alinuna. Vitabu vile, alisema, wakubwa wameviandika ili wadogo wajione wajinga. Mkewe akamjibu, "Kiatu kikikubana, unautukana mguu? Usipoelewa usijitukane. Rudi nyuma sentensi moja."

Ndipo wakakianza kitabu kile. Miezi mitatu, wasikilizaji wapendwa, miezi mitatu wamekwama sura ya tano! Siku moja fundi akapiga meza.

"Mke wangu, huyu bwana anajibu swali ambalo hajaulizwa!"

"Ndiyo falsafa hiyo."

"Falsafa gani? Huyu kachanganyikiwa!"

Bi Nukta akakivuta kitabu, akakagua uzi mgongoni, akapiga ukelele. Alikuwa ameshona fungu la sita la kurasa kabla ya fungu la tano. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake! Namba za kurasa za kumwonya hazikuwapo, maana mashine ya kukatia ilizila pamoja na kingo za karatasi. Mkuu aliambiwa mara tatu aitengeneze, na mara tatu akasema, "Tutaangalia." Ila muhuri wake wa "Kimekaguliwa" ulikuwa umepigwa ukakolea. Miaka minane kitabu kilikaa rafuni, na hakuna msomi hata mmoja aliyelalamika.

Binti yao, muuguzi, anakumbuka: "Nilitoka jikoni mbio nikidhani kuna msiba. Nikawakuta wameegemeana, wanacheka mpaka machozi. Baba anasema, 'Darasa la nne hilo! Darasa la nne!'"

Bi Nukta akafumua, akashona upya. Kitabu bado kilikuwa kigumu, lakini sasa ugumu ulikuwa wa mwandishi. Wakaendelea, nukta kwa nukta, kwa sharti moja: hakuna kumtangulia mwenzako. Zilipobaki kurasa kumi na moja, jalada likaachia. Bi Nukta akakirudisha kazini akigundishe. Jumatatu, kufuli.

Septemba akaugua. Fundi akiwalaani wakubwa kando ya kitanda, mgonjwa anacheka tu. "Mume wangu, utakuja kuzisoma." Novemba akatutoka, na fundi akabaki na neno moja mdomoni: wamemnyima mke wangu kurasa kumi na moja.

Chumba kilifunguliwa wiki iliyopita. Ukarabati wenyewe? Hata msumari mmoja haukugongwa. Fundi aliingia, akaketi kwenye kigoda cha mkewe, akasoma kwa sauti, binti pembeni. Kila nukta akasimama. Kurasa zote kumi na moja. Chini ya ule wa mwisho akakuta mwandiko wa penseli anaoufahamu.

"Mwizi wewe!" akapiga kelele. "Alishamaliza! Alinitangulia!" Akacheka, wasikilizaji wapendwa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Fundi, pole sana. Binti, pole sana. Nasi tuliobaki tujiulize ni vitabu vingapi tumevifunga tukijiita wajinga, kabla ya kurudi nyuma sentensi moja. Mkuu wa maktaba tumempigia simu atueleze kuhusu kufuli, ametuambia ataangalia. Na lile swali la penseli fundi ameomba tuwasomee, maana amelizungusha kichwani wiki nzima na hajalipatia jibu:

"Fundi wangu, huyu bwana anasema hakuna anayejijua mpaka ajulikane na mwenzake. Basi yule mtu wa kwanza kabisa, alijulikana na nani?"