Mguu Wangu Ukutani: Maneno ya Kumuaga Nanyama

Mheshimiwa Bwana Ofisa wa Ustawi, Bwana Mwenyekiti wa holi yetu, Mchungaji Jonah, wazee wa reli mliokalia viti vyote, na nyinyi kina mama wa landi, hizi nyumba zetu za reli, mliosimama nyuma kama kawaida: nawasalimu. Mimi ni Akeyo, mama Owuor. Nimeambiwa nimuage Nanyama, mama Wamalwa, anayehamia Kisumu kuchora matangazo ya chumba cha maonyesho ya picha kitakachofunguliwa huko. Nimeambiwa nimsifu. Nitamsifu, lakini msinisukume.

Nani hapa hajui kwamba kuta zangu zilipakwa udongo mwekundu na majivu, zikapendeza, kabla Nanyama hajashuka kwenye gari la moshi na sanduku lake? Ndiyo maana holi hii ilipotundika picha za kuchorwa mwaka jana na watu wakakataa kuja kuzitazama, Bwana Ofisa alibisha hodi kwangu kwanza, akitaka tangazo. Kwangu! Nikachora jicho moja kubwa, na kope zake, maana yake njooni mtazame. Likabandikwa kwenye kinu cha posho na pale stesheni. Jumamosi wakaja kina mama thelathini, kila mmoja na mtoto mwenye macho mekundu, wanauliza, "Daktari wa macho yuko wapi?" Mlicheka. Owino, wewe hata sasa unacheka. Lakini semeni kweli: jicho lile halikuwa zuri?

Basi kazi akapewa Nanyama. Hakushika brashi. Alikaa kwenye ngazi hapo nje siku tatu, anapiga soga na wanawake wanaopita na mizigo ya kabeji. Nikasema, mvivu huyo. Kumbe anawauliza, "Mbona hamuingii?" Wakamjibu, "Sakafu yenyewe imepigwa nta inang'aa kama sahani. Na miguu hii ya matope, tutakanyaga wapi?" Mimi niliyeishi nao miaka ishirini, niliwahi kuwauliza? Sikuwauliza. Hapo ndipo paliponichoma, na hapajapoa.

Jioni akaja kwangu na kipande cha katoni. "Mama Owuor, weka mguu hapa." Nani asiyejua kwamba fundi wa akala, vile viatu vya mpira wa tairi, huchukua kipimo hivyo? Nikafurahi, nikajua jirani ananikatia viatu. Mguu ulikuwa na matope ya shamba, nikataka kunawa. Akasema, "Acha mama, hivyo hivyo."

Nikangoja akala wiki mbili. Siku moja naenda sokoni, nakuta mguu wangu ukutani! Mkubwa, mwekundu, na kidole cha mwisho nusu, kile kilichokatwa na jembe. Chini yake maneno: INGIA HIVYO HIVYO.

Wakaja. Wakajaa mpaka mlangoni, mwingine na kuku kwapani, wakaimaliza nta ya Bwana Mwenyekiti yote, na bado wanaulizana kuhusu picha. Njiani vijana wananiita, "Mama, mguu wako umefika sokoni kabla yako!" Na sifa zikaenda wapi? Kwa Nanyama. Miezi minane tumechota maji bomba moja, na mimi sikumwamkia.

Mama Wamalwa, nitazame. Wewe hukutaja akala. Ni tamaa yangu iliyotaja. Nimekuonea wivu, na kesho gari likiondoka nitakuonea tena. Mguu huu nimetembea nao miaka sitini sikuuona, wewe ukauona jioni moja.

Bwana Ofisa, unauliza nani atachora sasa. Ni mimi. Kesho asubuhi nitakuwa pale kwenye ngazi, na yeyote atakayepita bila kuingia atanieleza sababu.

Na wewe Nanyama, Kisumu utafikaje na mguu wangu mmoja tu? Shika hii katoni. Ni mguu wa kushoto, nimeukanyaga leo, matope hayajakauka. Ubandike kando ya ule wa kulia, na wakikuuliza ni miguu ya nani, safari hii usinyamaze: taja jina langu.

Nyote mlionivumilia nikisema, asanteni. Akala bado nangoja.